Wahakiki Katika Jalada Moja

Kitabu kikubwa humtisha msomaji kabla hakijafunguliwa. Kipo kimoja cha namna hiyo ambacho wanafunzi wa fasihi katika vyuo vikuu vingi vya dunia hukutana nacho mapema au baadaye, nacho ni The Norton Anthology of Theory and Criticism, mkusanyo wa nadharia na uhakiki uliotolewa Marekani mwaka 2001 chini ya uhariri wa Vincent B. Leitch na wenzake, ukatolewa tena mwaka 2010 na mwaka 2018. Kurasa zake zimezidi 2,500. Karatasi yake ni nyembamba hata maandishi ya upande wa pili huonekana kama kivuli cha mtu nyuma ya pazia. Toleo la kwanza huanza na Gorgias, msemaji wa Kiyunani wa karne ya 5 kabla ya Kristo. Hupita kwa Plato na Aristotle, kwa Warumi, kwa wanazuoni wa dini wa Ulaya ya kale, kwa washairi wa Kiingereza na wanafalsafa wa Kijerumani, hata likafika kwa watu wa karne ya 20. Haukuwa mkusanyo wa kwanza wa aina yake. Hazard Adams alikwisha kutoa wake mwaka 1971, na David Lodge akatoa wa karne ya 20 peke yake mwaka 1972. Lakini huu wa 2001 ulishinda iliyoutangulia kwa unene, na kwa wanafunzi wengi ndio uliopata kuitwa nadharia yenyewe, kana kwamba elimu na jalada lake ni kitu kimoja.

Mwalimu mmoja wa shule ya sekondari, mzaliwa wa pwani, alirudi chuoni kutafuta shahada ya pili baada ya kufundisha Kiswahili miaka kumi na miwili. Katika orodha ya masomo yake aliukuta mkusanyo huo, na katika maktaba aliukuta mmoja tu, ukiazimwa kwa zamu. Akaazima, akarudisha, akaazima tena, mwaka mzima. Alipenda mashairi kabla hajajua kwamba yana nadharia. Kwao tenzi zilisomwa kwa sauti usiku, na watu wazima waliosikiliza waliweza kusema beti hizi zimekaa na zile zimechechemea, pasipo kumtaja mwanafalsafa hata mmoja. Hofu yake ilikuwa moja, naye hakuificha kwa wenzake: kwamba atakapomaliza kurasa hizo atakuwa amepata maneno mengi ya kusemea ushairi na amepoteza sikio la kuusikilizia. Hofu hii si ya kuchekwa. Wapo watu waliosomea ndoa kwa vitabu mpaka wakashindwa kuishi na wake zao.

Mwanzoni aliusoma kama msahafu, ukurasa baada ya ukurasa, asiruke kitu. Kwa njia hii Gorgias alimpa usingizi, na Plato akamkasirisha. Kisha akaingia katika njia ya pili, ambayo ndiyo ya wanafunzi wengi: kutazama faharasa, kutafuta jina lililo maarufu mwaka huo, kuchota sentensi moja yenye mng'aro, na kuipachika juu ya karatasi ya mtihani kama kilemba cha kuazima. Njia hii huleta maksi nzuri. Inasikitisha kusema hivyo, lakini ni kweli, na walimu wanaozitoa maksi hizo wana sehemu yao ya lawama.

Njia ya tatu ilimjia alipotambua kwamba kitabu kile si ghala. Ni baraza lenye ugomvi. Hapana mtu ndani yake anayezungumza peke yake. Kila mmoja anamjibu mwingine, na aghalabu huyo anayejibiwa alikufa zamani. Tangu siku hiyo aliweka daftari, na juu ya kila ukurasa wa daftari akaandika swali moja: huyu anamjibu nani?

Plato ndiye aliyeanzisha kesi. Katika kitabu chake juu ya dola njema, aliuliza mshairi anajua nini. Seremala anajua kitanda. Mchoraji anajua sura ya kitanda tu. Mshairi naye yu katika safu ya mchoraji, mwigaji wa mambo asiyoyajua, tena huchochea majonzi na hasira ambazo mtu mwenye akili hujitahidi kuzizuia. Kwa hiyo na atoke mjini. Lakini hukumu ile ina mlango mdogo, na mwalimu wetu aliuona kwa kuwa ametoka katika watu wa kasida: Plato aliruhusu nyimbo za kuwatukuza miungu na mashairi ya kuwasifu watu wema. Basi kama mji ule ungekuwa Lamu au Mombasa, mtunzi wa maulidi angekaribishwa kwa heshima, na Muyaka bin Haji, pamoja na mizaha yake na mafumbo yake ya mapenzi na vita, angezuiliwa langoni. Mtu akiisha kuwaza hivyo, Plato hawi tena Myunani wa mbali. Anakuwa mzee wa mtaa ambaye kila mmoja amewahi kumsikia akikemea taarabu.

Aristotle, mwanafunzi wake, alijibu bila kumtaja sana mwalimu wake. Alisema kuiga ni tabia ya binadamu tangu utoto na ndiyo njia yake ya kwanza ya kujifunza. Kwamba mshairi hasemi yaliyotokea, bali yanayoweza kutokea, na kwa sababu hiyo maneno yake yana falsafa zaidi ya maneno ya mwanahistoria. Na kwamba huruma na hofu zinazoamshwa na tanzia zina usafisho wake. Karibu miaka elfu mbili baadaye, Philip Sidney wa Uingereza aliingia barazani na hoja ya kiwakili: mshairi hadai kwamba asemalo limetukia, basi hawezi kuitwa mwongo. Mwaka 1821 Percy Bysshe Shelley aliandika utetezi wake, akimjibu rafiki yake Thomas Love Peacock aliyekuwa amedai mwaka 1820 kwamba katika enzi ya sayansi ushairi umekwisha kazi. Utetezi wa Sidney ulipigwa chapa mwaka 1595, naye alikufa mwaka 1586. Wa Shelley ulipigwa chapa mwaka 1840, naye alizama baharini mwaka 1822. Mawakili hawa wawili wa ushairi hawakuona hata nakala moja iliyochapwa ya utetezi wao. Mkusanyo unawaweka katika mfululizo mmoja wenye kupendeza, msomaji akadhani walikuwa wakipokezana maneno kama watu wa ngonjera.

Hapo ndipo hila ya mkusanyo wo wote inapokaa. Mkusanyo hukata. Kitabu cha Plato kinauliza haki ni nini, na mji wenye haki hujengwaje. Habari ya washairi ni chumba kimoja katika nyumba kubwa. Anayekutana na chumba hicho peke yake hudhani mwenye nyumba alikuwa akikesha kwa kuwachukia watunzi. Mwalimu wetu alikwenda kutafuta kitabu kizima, akakisoma kwa muda wa majuma sita, na akarudi akiwa hajakubaliana na Plato lakini ameacha kumkasirikia. Aliona kwamba mtu yule aliogopa jambo lililo kweli: maneno mazuri yenye kuteka mioyo ya watu ambao hawajapewa nafasi ya kufikiri. Aliyewahi kusikia hotuba tamu za wakati wa uchaguzi anaifahamu hofu hiyo.

Hata hivyo asilaumiwe mhariri peke yake, maana vipande vingine vilikuwa vipande tangu asili. Kitabu cha Aristotle juu ya ushairi kinafanana na maandishi ya mwalimu ya kufundishia, mafupi, yenye kuruka. Kinaahidi kusema habari ya mchezo wa kuchekesha, na sehemu hiyo haimo katika kilichobaki. Neno la usafisho limetajwa katika fasili ya tanzia kisha halikuelezwa, na wataalamu wamegombana juu yake karne kwa karne. Ferdinand de Saussure, ambaye nusu ya nadharia ya karne ya 20 imejengwa juu ya jina lake, hakukiandika kitabu kilichompa jina hilo. Alikufa mwaka 1913. Wenzake wawili, Charles Bally na Albert Sechehaye, walikitunga kwa madaftari ya wanafunzi na kukitoa mwaka 1916, na wawili hao wenyewe hawakuhudhuria mafunzo yale. Anayesema kwamba kipande hakina thamani kwa kuwa ni kipande, basi na aanze kuiondoa misingi.

Kisa kimoja juu ya jambo hili kilimshika mwalimu kuliko vyote, ingawa alikifuatia nje ya mkusanyo. Ni kisa cha Ibn Rushd wa Cordoba, aliyekufa mwaka 1198. Huyu alikuwa mfasiri mkuu wa fikira za Aristotle katika ulimwengu wa Kiislamu, lakini hakujua Kiyunani, na mbele ya macho yake haukuwako mchezo wa jukwaani. Alikuwa na kitabu cha ushairi katika Kiarabu, kilichofasiriwa kutoka Kisiria katika karne ya 10, na ndani yake yamo maneno mawili ya mambo asiyoyapata kuyaona: tanzia na mchezo wa kuchekesha. Alifanya nini? Alitazama ushairi alioujua, akaona kuna mashairi ya kusifu na mashairi ya kukashifu. Akasema tanzia ni ufundi wa madhi, yaani sifa, na ule mwingine ni ufundi wa hija, yaani kashfa. Kisha akatoa mifano yake katika washairi wa Kiarabu. Mwaka 1256, mjini Toledo, Hermannus Alemannus aliifasiri sherehe hiyo kwa Kilatini, na kwa muda mrefu wanazuoni wa Ulaya walimjua Aristotle wa ushairi zaidi kwa njia ya Ibn Rushd kuliko kwa maneno yake mwenyewe.

Wengi hulisimulia jambo hili kwa kicheko. Mwalimu wetu hakucheka. Aliona kwamba Ibn Rushd alifanya kile ambacho kila msomaji wa mbali hana budi kukifanya: kulivika neno geni nguo ya nyumbani. Tena Waswahili nao wamefanya hivyo. Walipotafuta jina la mchezo wa huzuni walichukua tanzia, neno lenye asili ya Kiarabu la kuwapa pole wafiwa, ambalo katika matumizi ya kila siku ni habari ya kifo inayopelekwa kwa jamaa. Jina la Kiyunani lilihusu wimbo wa mbuzi. Jina la Kiswahili linahusu matanga. Basi mwanafunzi wa Kiswahili anaposoma kwamba huruma humwendea mtu apatwaye na balaa asilostahili, na hofu humjia atazamaye kwa kuwa apatwaye ni mtu kama yeye, haanzii penye jukwaa. Anaanzia kwenye jamvi la wafiwa. Amekwisha kusikia pale watu wakisema, leo ni yeye, kesho ni mimi. Amekwisha kuona mtu akilia msiba wa jirani na kuondoka mwepesi. Pengine hajui usafisho wa Aristotle ni upi, lakini ana mahali pa kuutafutia, na mahali hapo hapakutiwa katika maelezo ya wahariri.

Maelezo hayo yapo mengi. Kila mwandishi ametanguliwa na kurasa za kusimulia maisha yake, hoja zake, na waliompinga. Yana faida kubwa kwa mtu aliye mbali na maktaba nyingine. Lakini yana tabia ya mwenyeji mkarimu mno ambaye humtafunia mgeni nyama. Mwalimu alijizoeza kusoma kipande kwanza na maelezo baadaye, na mara nyingi alikuta kwamba jambo lililomgusa yeye halikutajwa na wahariri kabisa.

Karne ya 20 imechukua sehemu kubwa ya mkusanyo, na humo njia hujaa miiba. Istilahi huzaa istilahi. Baadhi ya waandishi wale hawakuandika ili wafahamike, na hapana haja ya kuwapa heshima kwa sababu hiyo. Lakini hoja moja katika msitu ule ilimfaa mwalimu kwa kuwa aliweza kuijaribu kwa mizani yake. Mwaka 1946 Wamarekani wawili, W. K. Wimsatt na Monroe Beardsley, walisema kwamba nia ya mtunzi si kipimo cha kulihukumia shairi, kwanza haipatikani, pili haifai. Mwaka 1967 Mfaransa Roland Barthes alikwenda mbele zaidi akatangaza kifo cha mtunzi: maana ya maandishi imo kwa asomaye, si kwa aliyeandika. Wanafunzi wenzake walilipokea tangazo hilo kwa furaha, kama watu walioambiwa kwamba deni limefutwa.

Yeye akamleta Mwana Kupona binti Mshamu. Utendi wake wa mwaka 1858 ni wasia wa mama mgonjwa kwa binti yake, na mwishoni, kwa desturi ya watunzi wa tenzi, mtunzi anajitaja na kuutaja mwaka. Hapa tuna mtunzi aliyekataa kufa kwa makusudi. Amefunga mlango wa utungo na kutia muhuri wake juu ya kufuli. Mtu akimwondoa yeye, anamwondoa mama. Na wasia usio na mama ni orodha ya amri tu. Lakini Barthes hakushindwa moja kwa moja. Kwa maana utendi ule umesomwa na kuandikwa na wanawake wengi ambao si binti wa Mwana Kupona, katika miji asiyoifika, kwa haja asizozijua. Na wasomaji wa siku hizi huukuta na kubishana naye juu ya utii wa mke, jambo ambalo yeye hakuliitia mashauri. Kisha ukamtazama Muyaka, mambo hugeuka tena. Beti zake nyingi zilikaa vinywani mwa watu wa Mombasa bila muhuri wo wote, zikakusanywa na W. E. Taylor kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, na William Hichens akazitoa kitabuni mwaka 1940. Katika beti za namna hiyo swali la nani ametunga si mchezo wa wanafalsafa wa Paris. Ni kazi ya kila siku ya mtu anayetaka kupanga diwani.

Aliporudi shuleni kwake wakati wa likizo, mwalimu alijaribu jambo alilolisoma kwa I. A. Richards wa Cambridge, ambaye mwaka 1929 alitoa kitabu juu ya wanafunzi waliopewa mashairi yasiyo na majina ya watunzi wakaambiwa waseme wanavyoyaona. Mwalimu aliwapa vijana wake mashairi manne bila majina. Shairi la mtunzi mashuhuri walilihesabu la tatu. Walipotajiwa jina, darasa lilinyamaza, kisha kijana mmoja akaomba karatasi yake arekebishe. Mwalimu hakumpa. Siku hiyo alifahamu kwa nini nadharia inahitajiwa: si kwa kumfundisha mtu la kusema juu ya shairi, bali kwa kumwonyesha ni sauti ya nani inayosema ndani ya kinywa chake.

Mbali sana katika mkusanyo, baada ya maelfu ya miaka ya Ulaya, alikuta waraka kutoka Nairobi. Uliandikwa tarehe 24 Oktoba 1968 na Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba, katika Chuo Kikuu cha Nairobi kilipokuwa kingali sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Watatu hao walitaka Idara ya Kiingereza ifutwe. Haukuwa waraka wa kuchoma vitabu. Waliuliza swali la mahali: ikiwa pana haja ya kusoma utamaduni mmoja kwa mfululizo, kwa nini usiwe wa Kiafrika, na mengine yote yakatazamwa kutoka hapo? Walitaka fasihi simulizi iwe somo lenye hadhi yake, na lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo, zipate nafasi. Waraka ule ulichapwa katika kitabu cha Ngũgĩ mwaka 1972, na katika miaka iliyofuata Nairobi ikapata Idara ya Fasihi.

Mwalimu alisoma kurasa hizo chache mara tatu. Kuna jambo la ajabu katika kuziona pale. Waraka uliopinga orodha ya yaliyomo umewekwa katika orodha ya yaliyomo. Watu waliosema Afrika iwe katikati wamekaa karibu na ncha. Wahariri walifanya vema kuwatia, na heshima yao wapewe. Wamo pia Frantz Fanon na Chinua Achebe, mwenye mhadhara wake wa mwaka 1975 juu ya Conrad. Lakini kuitwa kwenye karamu ya mtu hakukupi mamlaka ya kupanga viti. Na tena waraka wa Nairobi uliandikwa kwa Kiingereza. Katika kurasa zote zile hapana mhakiki mmoja aliyeandika kwa Kiswahili.

Je, walikuwako? Swali hili lilimuuma, kwa kuwa mwanzoni jibu alilokuwa tayari kulitoa lilikuwa la aibu. Alikijua kitabu cha Kaluta Amri Abedi, Sheria za Kutunga Mashairi, kilichotoka mwaka 1954. Alikijua tangu ujana wake, na katika chuo alijifunza kukionea haya: kitabu cha vina, mizani, vituo na beti, kitabu cha fundi kwa mafundi. Ndipo akakumbuka kwamba Horace, Mrumi aliyepewa mahali pa mbele katika mkusanyo, naye aliandika nini ila mashauri ya mshairi kwa washairi? Asemeje, aache nini, achague bahari gani kwa jambo gani, amtafute mkosoaji wa kweli na amwogope msifu. Ikiwa Horace ni nadharia, kwa nini Amri awe kanuni za shule? Tofauti yao kubwa ni kwamba mmoja amefasiriwa na mwingine hajafasiriwa.

Na ugomvi uliokuja baadaye ulikuwa mkubwa kama wo wote uliomo katika kurasa zile 2,500. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, yakitanguliwa na dibaji ya kutetea njia hiyo. Wengine wakamuunga mkono. Wengine wakasema kisichoimbika si shairi. Walimu waligawanyika, na watunzi walishutumiana magazetini. Mwalimu aliusoma ugomvi huu upya akiwa na Aristotle mkononi, na akaona jambo ambalo hakuna upande ulioshinda kulitumia vizuri. Aristotle alisema waziwazi kwamba vipimo vya sauti havimfanyi mtu mshairi: Empedocles aliandika elimu ya maumbile kwa beti zenye kipimo kile kile cha Homer, lakini Homer ni mshairi na Empedocles ni mwanafalsafa wa maumbile. Hapo wanamapokeo wamepata pigo. Lakini Aristotle huyo huyo, alipohesabu sehemu sita za tanzia, alitia wimbo ndani yake na kuuita pambo lililo kubwa kuliko mapambo mengine. Hapo wanamabadiliko nao hawakusalimika. Shairi la Kiswahili lilitungwa kwa koo na sikio, na asemaye kwamba sauti ni ganda la kubanduliwa hajapata kumsikia mtu akighani. Mwalimu mwenyewe alielemea upande wa Kezilahabi alipofika mwisho wa jambo hili. Lakini alielemea kwa sikio, baada ya kuyasoma mashairi ya Kichomi kwa sauti usiku kwa juma zima na kukuta kwamba yana pumzi yake.

Sikio, basi, halikupotea. Lilikuwa limeacha tu kuamini kila lililozoea.

Kazi yake ya shahada aliibadilisha. Alikuwa ameahidi kuitumia nadharia ya Mfaransa mmoja juu ya riwaya mbili za Kiswahili, kazi ambayo msimamizi wake aliipenda kwa kuwa ingekwisha upesi. Badala yake akaomba akusanye uhakiki ulioandikwa kwa Kiswahili kabla ya mwaka 1980. Msimamizi aliuliza, kwa haki, utapatikana wapi. Katika dibaji za diwani, mwalimu alijibu. Katika barua kwa wahariri. Katika Mambo Leo, gazeti lililoanza Tanganyika mwaka 1923, ambamo watunzi walijibizana kwa mashairi, mmoja akikosoa kina cha mwenziwe kwa ubeti wenye kina kisicho na kosa, namna ya uhakiki ambayo mkusanyo wa Marekani hauna mahali pa kuiweka. Katika kumbukumbu za wazee wanaojua kwa nini utenzi fulani ulinyimwa sifa.

Ombi lilikubaliwa kwa masharti, na muda wa miezi minane. Sehemu ya magazeti imefungwa katika majalada makubwa, nyingine imeliwa na mchwa, na nyingine hainakiliki kwa mashine pasipo kuvunjika. Hizo anazinakili kwa mkono, na juu ya kila ukurasa wa daftari, kabla ya tarehe na jina, anaandika lile swali lake la zamani. Hata mwezi wa tatu ulipokwisha alikuwa amepata mashairi 41 ya kujibizana, na kwa 17 katika hayo hajajua bado nani alikuwa akijibiwa.